Muulize Anti: Unataka kumsomea mwenzio tarot?

Mwezi huu meseji za karata za tarot, zile za picha ambazo watu huzitumia kubashiri, zimekuwa nyingi mpaka zile za mawifi na kodi za nyumba nimezisogeza mbele, mtanivumilia. Nimechagua chache, nimezifupisha kidogo, na majina nimeficha kama kawaida yetu.

Anti shikamoo. Mi ni binti wa miaka 24 niko Tanga, nina pakiti ya tarot ambayo dada yangu aliniletea kutoka Uingereza, ile maarufu ya picha za 1909. Nimejifunza mwenyewe kwa vidio za YouTube na kijitabu cha ndani, kila asubuhi natoa kadi moja naiandika kwenye daftari, na maana za kadi zote 78 karibu zote nimeshazishika. Nikijisomea mwenyewe inakuja vizuri tu, ila juzi rafiki yangu kaniomba nimsomee kuhusu mchumba wake, kadi ya pili ikatoka Kifo nikakwama kabisa, nikachukua kijitabu nikaanza kumsomea mstari kwa mstari, yeye machozi, mi jasho, tukafunga. Sasa Anti kumsomea mtu mwingine mbona ni kitu tofauti hivi? Na nitajifunzaje bila kuwaliza watu?
*Binti wa Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo tofauti maana ndo mzizi wa yote. Ukijisomea mwenyewe stori yote unayo, unajua nani kakuudhi, nani anakudai, jana ulilala saa ngapi, kwahiyo kadi yoyote ikitoka inapata pa kushika palepale na wala hushtuki kwamba kazi kubwa umeifanya wewe. Ukikaa na mtu mwingine stori iko kwake, we huna, na ukiwa huna unakimbilia kijitabu. Hapo ndo ulipokwama, Kifo kasingiziwa tu. Maana za kadi umeshika, kuuliza watu ndo bado, na kumsomea mtu sehemu kubwa ni kuuliza afu unyamaze usikilize.

Msimamo wangu nauweka mapema tusije kulaumiana. Anti haamini kwamba makaratasi yaliyochapwa kiwandani yanajua mchumba wa mtu atafanya nini mwezi wa nane. Ninachoamini ni kwamba mtu akiwekewa picha mbele yake akaulizwa swali zuri, anasema mambo ambayo hata yeye mwenyewe alikuwa hajajiambia. Kama we unaamini zaidi ya hapo ni juu yako, njia ya kujifunza ni ileile.

Kabla hujagusa pakiti tafuta swali. "Kuhusu mchumba wangu" sio swali, hiyo ni mada, na mtu akikupa mada kadi yoyote itamtisha kwasababu hajui iko upande gani. Muulize kwanza, kumetokea nini mpaka umekuja leo na sio wiki iliyopita? Utashangaa. Rafiki yako anaweza kukwambia kaona meseji, au kwao wamekataa mahari, au amechoka kusubiri, na kila moja hapo ni swali lake. Afu litengenezeni pamoja mpaka limhusu yeye mwenyewe, maana mchumba hayupo hapo na hajatoa ruhusa ya kusomwa. "Ananipenda?" ligeuzeni liwe "mimi kwenye uhusiano huu nasubiri nini?" au "nimwambieje kuhusu hili?" Ikichukua nusu saa iache ichukue. Wasomaji wengi wapya wanairuka hii hatua wanakimbilia kuchanganya karata, mikono inawawasha.

Pili, achana na ule mpangilio wa kutandaza kadi 10 kwa umbo la msalaba unaouona kila mahali. Waite, aliyeisimamia hiyo pakiti yako, aliuweka kwenye kitabu chake na tangu hapo kila mtu anauona ndo tarot yenyewe, unapendeza kwenye picha ni kweli, lakini kwa mtu anayeanza kusomea wengine ni kadi saba za kujichanganya bure. Tandaza tatu. Na kabla hujazifunua sema kwa sauti kila moja ni ya nini, hii ni hali ilivyo, hii ni kinachokuzuia, hii ni unachoweza kufanya. Ukishasema usihamishe. Ile tabia ya kuona kadi mbaya imekaa kwenye "unachoweza kufanya" afu unasema aah hii tuiweke huku, mtu anaiona, na akishaiona hakuamini tena.

Sasa zimefunuliwa. Usianze na maana, anza na picha. Mwambie unachokiona, afu muulize yeye anaona nini. Hilo linawezekana kwasababu ya mwanamke mmoja anaitwa Pamela Colman Smith, ndo aliyechora pakiti yako, na jina lake kwa miaka mingi halikutajwa, watu walitaja mchapaji na huyo Waite basi. Pakiti nyingi za zamani, mfano zile za Marseille, kadi za namba zilikuwa na idadi tu, panga tano, vikombe saba, mwisho wa habari. Pamela akachora watu karibu kwenye kila kadi, wanalia, wanabeba mizigo, wanavuka maji. Utotoni aliwahi kuishi Jamaica na alikuwa msimuliaji wa hadithi za Anansi, yule buibui mjanja, kwahiyo usishangae kadi zake zinaelekea kuwa vipande vya hadithi. Malipo yenyewe aliyopewa yalikuwa kiduchu, alilalamika kwenye barua yake kwamba kazi ilikuwa kubwa na hela kidogo, na alifariki 1951 hana kitu. Mi kila nikiona pakiti inauzwa namkumbuka.

Tuchukue mfano. Msusi anasuka kwenye saluni ya mtu, anataka kuacha afungue yake. Kadi ya kwanza, hali ilivyo, imetoka Nane ya Sarafu. Fundi amekaa kwenye benchi anachonga sarafu, zingine amezitundika mbele yake, na mji unaonekana mbali kule nyuma. Usimwambie "hii ni kadi ya bidii". Mwambie naona mtu anarudia kazi ileile na anaiweza, ila yuko peke yake na mji uko mbali, we unamwonaje huyu? Anaweza kukujibu huyo ni mimi, pale nasuka kuliko wote ila wateja wanaijua saluni kwa jina la bosi. Haya, stori imeanza kuja, na kaileta mwenyewe.

Kadi ya pili, kinachomzuia, Tano ya Sarafu. Masikini wawili wanatembea kwenye theluji, mmoja ana magongo, wanapita chini ya dirisha la kanisa linalowaka taa. Theluji sisi wa Tanga hatuijui ila kutembea na njaa ukipita nje ya nyumba ya mwenye nacho hilo halihitaji theluji. Hapa angalia macho ya mteja yanaenda wapi. Kuna atakayeona wale wawili tu, huyo anaogopa kufilisika, muulize hiyo hofu inatokea wapi, kuna mtu kwao aliwahi kufungua biashara ikafa? Kuna atakayeona dirisha, huyo muulize nani mwenye taa inawaka ambaye hujamgongea mlango. Kadi ni hiyohiyo, watu wawili tofauti, na kijitabu kingewapa wote jibu moja la "umasikini, kukosa".

Ya tatu, anachoweza kufanya, Mbili ya Fimbo. Mtu yuko juu ya ukuta, mkononi ana tufe dogo la dunia, anaangalia bahari. Huyu hajaondoka bado, anapanga. Kwahiyo swali linakuja lenyewe, kabla hujamwambia bosi chochote unatakiwa uwe umejua nini? Kodi ya fremu wanataka miezi mingapi mbele, kiti cha kuoshea nywele ni shilingi ngapi, wateja wangapi watakufuata kweli na sio kwa maneno? Mkimaliza hapo ana orodha ya mambo ya kufanya wiki hii, na hujatabiri chochote.

Kuhusu makundi manne ya kadi ndogo usihangaike kukariri kizungu, tafuta mzee yeyote anayecheza karata barazani akwambie kopa, shupaza, uru na pau, ni ndugu zake haohao. Kopa ndo Vikombe, mambo ya moyo na watu. Shupaza ni Panga, mawazo, maneno, ugomvi. Uru ni Sarafu, hela na mwili na nyumba. Pau ni Fimbo, kazi na hamu ya kufanya kitu. Na zile kadi kubwa 22 ndo turufu, zilitengenezwa ziwe turufu kwelikweli, hilo nitalieleza chini kwa ndugu yetu wa Nairobi. Kimoja kinachosaidia sana ni kuangalia kundi gani limejaa mezani. Mtu kauliza mapenzi afu zimetoka sarafu tatu, muulize tu kwa upole, hela ikoje kati yenu? Mara nyingi inakuwa ndo kilichomleta, ila mtu mwenyewe aliona aibu kuanza nacho.

Turudi kwenye Kifo. Ile picha iangalie tena bila woga. Kiunzi cha mifupa kimevaa vazi la chuma kimepanda farasi mweupe, mfalme yuko chini ameshaanguka, askofu amesimama mbele anasihi, msichana amegeuza uso, na mtoto mdogo amepiga magoti anaangalia tu. Nyuma kule kuna jua katikati ya minara miwili. Wasomaji wa tarot hawaisomi kama msiba wa mtu, wanaisoma kama kitu kimefika mwisho. Lakini rafiki yako hajui hivyo, yeye kaona mifupa, na usitegemee "usijali haimaanishi kifo" itamtuliza, ukimwambia usijali ndo anaanza kujali. Mtangulie. Kabla ya kutandaza mwambie humu kuna picha za kutisha, kuna mifupa, kuna moyo umechomwa panga, kuna mnara unapigwa radi na watu wanaanguka, zikitoka tutaziangalia pamoja na ukitaka tuache tunaacha. Afu ikitoka muulize katika hawa watu wanne we ni yupi leo? Anayesihi, aliyegeuza uso, aliyeanguka au mtoto? Jaribu hilo swali uone. Na mtu akilia sio kwamba umeharibu, mpe maji, subiri, usijaze ule ukimya kwa kadi nyingine.

Afu kuna siku mtu atakwambia "umenijua kama umelala kwangu". Hapo ndo pa kuwa makini. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani anaitwa Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, akawarudishia kila mmoja maelezo yake binafsi, wakayapa alama za usahihi, wastani ukapita 4 kwa 5. Kumbe wote walipewa karatasi moja, sentensi nyingi kazitoa kwenye kitabu cha nyota cha kuuza barabarani. Na kuna mwingine, Ray Hyman, kabla hajawa mwanasaikolojia alikuwa anasoma viganja kujipatia hela na alikuwa anaamini kabisa kwamba anajua, mpaka rafiki yake akamwambia jaribu kuwaambia watu kinyume na kiganja kinavyosema. Akajaribu. Wateja wakaridhika vilevile. Simaanishi uache, namaanisha usilewe sifa, mtu akisema umenijua rudi kwake muulize kipi hasa nimekijua, maana pengine umesema neno kubwa lisilo na kichwa na yeye kajaza mwenyewe.

Mazoezi je? Usianze na watu wenye moto kichwani. Anza na wahusika wa tamthilia unayoiangalia, chagua mmoja, msomee kana kwamba kakaa mbele yako na swali lake, we na mdogo wako mbishane. Afu nenda kwa watu wenye maswali mepesi, nisome kozi gani ya jioni, nihamie chumba kipi. Afu tafuta mtu akusomee wewe, hilo watu hawalifanyi na ndo shule kubwa kuliko zote, kukaa upande ule wa meza ukasikia mtu anakwambia neno zito kirahisirahisi. Daftari lako endelea nalo ila badilisha unachoandika, andika swali la mtu na maneno aliyosema YEYE, maana za kadi unazo tayari. Na asiyekuruhusu kuandika usiandike.

Na huyo rafiki yako usimsomee tena swali hilohilo wiki hii hata akikubembeleza. Keti naye mnywe chai, muulize tu habari za mchumba.

Anti sasa. Niko Nairobi, Umoja. Nimeambiwa deki ya tarot huwezi jinunulia, lazima upewe gift ndio ifanye kazi, na lazima ulale nayo chini ya pillow siku kadhaa ikuzoee, afu ati zilitoka kwa makuhani wa Misri so sisi Waafrika tuko na haki nazo zaidi. Ni ukweli ama ni stori za jaba? Nataka kuanza kusomea watu wa ploti.
*Msee wa Umoja*

Poa ndugu yangu. Nunua yako. Hiyo ya kupewa zawadi ni desturi tu ya watu, hakuna kadi inayouliza risiti iko kwa jina la nani. Kulala nayo ni shingo yako.

Ya Misri ni stori ya kutungwa na mtungaji anajulikana. Hizi karata zimeanzia kaskazini ya Italia, miaka ya 1440 hivi, na zilikuwa za kucheza, zile kadi kubwa ni turufu za kulia kadi zingine kama unavyokula mwenzio barazani, na matajiri wa Milano walichorewa zao kwa dhahabu. Mpaka leo Wafaransa wana mchezo wao wa tarot na Waustria wana wao, hawatabiri kitu, wanagombana nani kaiba pointi. Ilipofika 1781 Mfaransa mmoja anaitwa Court de Gébelin akaandika kwamba ni kitabu cha siri cha Wamisri wa kale. Wakati huo hakuna mtu Ulaya aliyekuwa anaweza kusoma maandishi ya Kimisri, yalikuja kusomwa 1822, kwahiyo nani angembishia? Miaka minne baadaye mwenzake wa Paris aliyejiita Etteilla, ambalo ni jina lake Alliette kaligeuza nyuma mbele, akatoa kitabu cha kufundisha kubashiri nazo. Yani zaidi ya miaka 300 zilikuwa mchezo kabla ya hapo.

Mi sioni kama hilo linaziharibu. Ila ukiwa na watu wa ploti usiwauzie Misri, siku mmoja akigugo utaonekana mwongo kwa yote hata yale uliyosema kweli.

Shikamoo Anti, nakusalimu kutoka Mwanza. Nasomea watu tarot kama mwaka sasa, wengi ni wamama wa sokoni, naelewana nao vizuri. Shida yangu maswali yao. Mmoja anauliza nani anamroga biashara imekufa ghafla, mwingine anauliza mume wake anatembea na nani, mwingine uvimbe kwenye ziwa kama ni ule ugonjwa. Nikiwaambia siwezi wanasema sijui kazi. Wiki iliyopita kwa yule wa kurogwa ilitoka Malkia wa Panga, kabla sijafungua mdomo kasema "huyo ni mama mkwe wangu, namjua". Nikanyamaza.
*Mama K, Mwanza*

Marahaba Mama K, na hapa naomba unisamehe nitakuwa mkali kidogo. Hapo usinyamaze tena. We unakaa Mwanza, unajua kuliko mimi maana ya ramli chonganishi. Unajua vikongwe wangapi kanda hiyo wamekatwa mapanga kwasababu mtu alikaa chini na vifaa vyake akasema mbaya wako ni mwanamke, mtu mzima, yuko karibu. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwasababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Malkia wa Panga ni mwanamke kakaa kwenye kiti cha enzi na upanga mkononi, mtu mwenye hasira akiiona tayari ana jina mdomoni. Kwahiyo ukimya wako yeye kauchukua kama ndiyo. Mrudie huyo mama, leo sio kesho, mwambie kadi haionyeshi mtu, haijamtaja mama mkwe wako wala mtu mwingine, na biashara tuiangalie kwenye madaftari yake, nani anamkopa, bei imepanda wapi, jirani kafungua duka gani.

Na kuanzia sasa lisemwe kabla mteja hajakaa, hapa hatumtaji mtu, kadi haina jina la mtu. Malkia na wafalme na wale vijana wa farasi wasome kama namna ya kufanya jambo. Malkia wa Panga atakuwa "kusema ukweli mkavu bila kuzunguka", muulize mteja yeye mwenyewe wapi anatakiwa aseme hivyo.

Wa uvimbe haina mjadala, pakiti inafungwa, anaenda hospitali, na kama anaogopa msindikize. Akikwambia hujui kazi mwache aseme. Wa mume, hilo la "anatembea na nani" ni kama la kurogwa, linatafuta jina. Likatae, mpe lingine, "nikijua kweli nitafanya nini?" Ukimuuliza hivyo wengi wananyamaza muda mrefu kidogo, na hapo ndo mazungumzo yanaanza.

Anti, mimi niko Dubai nafanya kazi saluni. Wateja wangu wa nyumbani wananipenda nikiwasomea tarot, sasa nataka nianze kuchaji kwa WhatsApp, dirham 50 kwa mtu. Bei iko sawa? Nitangaze vipi?
*Mpemba wa Deira*

Usitangaze, na wala usichaji ukiwa huko. Sheria ya Falme za Kiarabu inaadhibu uchawi na mambo ya aina hiyo kwa kifungo na faini, na mgeni anaweza kurudishwa kwao, we mwenyewe unajua visa ya kazi ilivyopatikana kwa tabu. WhatsApp haikufichi, meseji za malipo ndo ushahidi wenyewe. Pakiti iweke.

Kwa walio nchi zingine wanaouliza bei, chaji muda wako ujulikane kabla, nusu saa hela kadhaa, basi. Usichaji kwa ukubwa wa tatizo la mtu. Na siku utakapojikuta unamwambia mtu "una mkosi, ongeza kiasi fulani nikutoe" ujue umeshahama kazi, hiyo sasa ni utapeli na una kesi yake.

Anti assalam alaykum. Nasoma ukurasa wako tangu niko shule ila hili la karata limenikera, unafundisha watu shirki. Jibu hadharani.
*Kijana wa Ng'ambo, Unguja*

Wa alaykum salaam mwanangu. Sitabishana na wewe. Sura ya Maida aya ya 90 imetaja mishale ya ramli pamoja na ulevi na kamari, na hadithi ya Muslim inasema anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Wakristo nao wana Kumbukumbu la Torati 18. Kuna watu wanasema wao wanazitumia kama picha za kuzungumzia bila kubashiri, na ndivyo nilivyomwelekeza binti wa Tanga, lakini kama hiyo inatosha kumtoa mtu kwenye makatazo hilo aulizwe sheikh wake, Anti hana fatwa. Ninachomwambia msomaji yeyote wa tarot ni kwamba kabla hujamtandazia mtu muulize dini yake inamruhusu na kama atalala vizuri baadaye. Anayesita usimvute.

Anti hujambo, swali dogo tu. Kadi ikitoka kichwa chini nisome kinyume? Na bibi yangu wa miaka 80 anataka nimsomee ila mle ndani kuna watu uchi, naona aibu.
*Mjukuu, Morogoro*

Sijambo mjukuu. Kichwa chini si lazima, wasomaji wengi tu wanazigeuza zote zikae sawa, na kwa anayeanza kusomea wengine nakushauri ugeuze maana mtu akiona picha imepinduka anadhani maisha yake ndo yamepinduka. Ukizoea utaamua.

Ya bibi, walio uchi ni Wapenzi, Shetani, Nyota, Hukumu, Ulimwengu, na yule mtoto wa kwenye Jua ila huyo ni mtoto. Unaweza kuzitoa hizo pembeni ukasoma na zilizobaki, ila muulize kwanza, bibi mwenyewe kazalisha wanawake wangapi huko kijijini, usije ukamficha picha akakucheka. Na macho yake je? Hizo kadi ni ndogo, mtafutie taa nzuri.